Ukipotea Amu, Fuata Maji ya Mtaro

Asalaam aleikum wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nimezaliwa mtaa wa Mkomani, na kwamba mji wetu wa Lamu, sisi wenyewe twauita Amu, ni mji wa kutembelea kwa miguu. Basi meseji zimeingia kama mvua ya masika. Nimechukua sita, nimezifupisha kidogo, maneno ni yenu wenyewe.

Shikamoo shangazi. Mimi na mke wangu tutakuwa Lamu siku tatu. Tunataka kuzunguka mji wa kale wenyewe bila kumlipa mtu, lakini tumeambiwa zile njia ni fumbo, ukiingia hutoki. Tutegemee ramani ya simu ama tutafute mtu? Msomaji, Nakuru

Marahaba mwanangu. Ramani ya simu itawasumbua, manake kuta zetu ni nene na vichochoro ni vyembamba, kile kidoti cha buluu kinaruka huku na huku mpaka mtu anachanganyikiwa zaidi ya alivokuwa. Mji wenyewe ukiuelewa umekaaje hauhitaji simu. Amu imejengwa kwenye mteremko, uso wake unaangalia mashariki, baharini, ng'ambo yake ni kisiwa cha Manda. Njia ndefu zinaenda sambamba na bahari, na vichochoro vinashuka kutoka juu kuja pwani. Sasa angalia chini unapotembea, utaona pembeni mwa njia kuna mtaro wa maji. Yale maji yanakwenda wapi? Baharini. Kwa hivo ukishapotea kabisa, usihangaike, simama, tazama maji yanaelekea upande gani, yafuate, dakika chache tu utatokea ukingoni unaona mashua. Mimi nilifundishwa hivi na nyanya yangu nikiwa na miaka mitano hivi, siku niliyopotea nikienda kununua mahamri, na mpaka leo nikiwa mtaa nisioujua vizuri macho yangu yanaenda kwenye mtaro kwanza.

Kitu cha pili ni Usita wa Mui. Usita ni njia kwa Kiamu, mui ni mji. Serikali imeipa jina la Harambee Avenue lakini nyie ulizeni Usita wa Mui. Ni ile njia ndefu ya ndani, safu moja tu nyuma ya bahari, maduka yako huku na huku, na zamani maji yalikuwa yanafika karibu nayo, hizi nyumba za mbele ukingoni zimekuja baadaye juu ya ardhi iliyojazwa. Ukiijua hiyo umeujua mgongo wa mji.

Siku ya kwanza ingieni Mkunguni mapema, ule uwanja wa mbele ya Ngome ambapo wazee wanakaa kwenye kivuli na bao na magazeti. Kunyweni kahawa tungu kwanza. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, kwa msaada wa Waomani, na sababu yake ni vita vya Shela, kijiji jirani yetu, pale watu wa kisiwa cha Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walipokuja kuipiga Amu wakashindwa vibaya sana, halafu watu wa Amu wakaona hapana, safari nyingine huenda tusiwe na bahati. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, na ikabaki jela mpaka 1984. Mimi naikumbuka ikiwa jela, tulikuwa tukipita hapo tunashushiwa sauti na mama zetu, ati msipige kelele wafungwa wanasikia. Leo ni makumbusho, na watoto wanasoma kwenye maktaba humohumo. Pandeni mpaka juu kabisa kwenye kuta, mtaona mapaa ya mji wote yanashuka kuelekea majini, na hapo ndo mtaelewa nilichosema kuhusu mteremko.

Mkitoka hapo, Msikiti wa Pwani uko karibu na Ngome, una maandishi ya mwaka 1370, tazameni tu ulivyo mdogo na wa kawaida, watu wengi wanaupita hawajui. Halafu shikeni Usita wa Mui. Kwenye njia hiyo iko ile nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, walifungua 1888 wakafunga 1891, hawakukaa hata miaka mitatu, manake Wajerumani na Waingereza walishakubaliana kugawana pwani wao kwa wao bila kumuuliza mtu wa hapa. Kisha pandeni juu Mkomani, upande wa kaskazini, huko ndiko kwenye majumba ya mawe ya zamani na Msikiti wa Ijumaa, ambao ni wa mwaka 1511, na iko Nyumba ya Kiswahili ambayo makumbusho wameitengeneza ikae vile nyumba ya mwenyewe ilivokuwa karne ya 18.

Upande wa kusini, Langoni, msiuache. Wageni wengi wanamaliza Mkomani wanarudi hotelini, na mimi inaniuma kwa kweli. Langoni, jina lenyewe linasema lango, ndiko kwenye maisha mengi, mafundi, vioski vya viazi karai, watoto wakitoka madrasa, na ukipanda juu unakuta Riyadha, msikiti na madrasa ya Habib Swaleh aliyekuja kutoka Ngazija akawafundisha dini hata wale ambao wakubwa wa mji walikuwa hawataki wafundishwe, watoto wa waliokuwa watumwa wakiwemo. Maulidi makubwa ya Amu, yale ya mfungo sita yanayoleta watu kutoka pwani yote, yametokana na huyo mzee. Ukisimama pale baada ya alasiri ukasikia watoto wanasoma, hutauliza tena Amu kuna nini.

Kuhusu kulipa mtu: mlipeni mmoja kwa nusu siku ya kwanza, si kwa sababu mtapotea, ila atawafungulia milango ambayo nyie hamtafunguliwa. Makumbusho wanaweza kuwaonyesha mtembezaji anayejua kazi yake. Bei ikubaliwe kabla hamjaondoka, kwa maneno wazi. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupita nyuma ya mmoja, yuko na wageni wa watu, anawaeleza kwamba zile zidaka, vishubaka vya ukutani ndani ya nyumba, zilikuwa za kufugia njiwa. Nilisimama nikashindwa kupita. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, kaulize nyumbani kwenu kwanza.

Mimi nasomea usanifu wa majengo na nitakuja kufanya utafiti mdogo. Nikiwa natembea tu njiani bila kuingia ndani, ni vitu gani nivitazame kwenye nyumba? Na je kuna sababu ya vyumba kuwa vyembamba hivo? Mwanafunzi, Juja

Swali lako limenifurahisha mpaka nimelisoma mara tatu, kaa kitako.

Anza na daka. Kila nyumba ya zamani mlango wake umeingizwa ndani kidogo, na huku na huku kuna viti vya mawe vimejengwa na ukuta. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokaa na wenzake bila kumwingiza mtu ndani, na mpita njia mwenye mzigo anaruhusiwa kupumzika. Pitisha mkono wako juu ya kile kiti, utasikia katikati pamelika, pamekuwa laini kama kigae, na pembeni bado pana ukali. Hiyo ni miaka ya watu kukaa. Daka la nyanya yangu lina mbonyeo miwili kabisa, mmoja wa babu na mmoja wa jirani yake, waliokaa hapo kila jioni baina ya alasiri na magharibi, na wote wawili wameshatangulia lakini mbonyeo uko palepale.

Mlango ukiwa wazi jaribu kutazama ndani, hutaona kitu isipokuwa ukuta. Hapo pametengenezwa makusudi, unaingia tekani, yaani ukumbi wa mlangoni, halafu unakunja kona ndo unafika kiwandani, ule ua wa katikati usio na paa ambao ndio pumzi ya nyumba yote, hewa na mwanga vinaingilia hapo. Kwa nje ukuta mtupu, madirisha machache tena juu. Mgeni anaona kama nyumba imenuna. Lakini ndani yake imefunguka.

Sasa wembamba wa vyumba. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko nzuri huipati ndefu unavotaka, ndo maana upana wa chumba unaishia mita 3 hivi au chini yake. Urefu hauna shida, wajenzi wakarefusha upande huo, kwa hivo unapata vyumba virefu vyembamba vimepangana kimoja nyuma ya kingine, msana wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani, na kila unavosogea nyuma ndivo siri ya nyumba inavozidi. Misana inaangalia kaskazini, yaani kibla. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa nayo inatokana na matumbawe hayohayo yakichomwa tanurini, kwa hivo nyumba nzima imetoka baharini isipokuwa miti, na hata miti yenyewe imetoka kwenye maji ya chumvi. Kuta nene namna hiyo mchana haziruhusu joto kuingia upesi. Siku hizi watu wanapaka saruji juu yake, ukuta unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani, plasta inabambuka. Ukiwa njiani utaziona zote mbili zimekaa jirani, ya chokaa na ya saruji, na utajua ipi imekuwa na afya.

Zidaka ziko kwenye vyumba vya ndani, safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta ukutani, na humo wenyewe walipanga sahani na bakuli za Kichina na vitu vyao vya thamani. Kwa ajili hizo lazma uingie, nenda Nyumba ya Kiswahili. Ukiwa huko waambie wakuonyeshe birika la maji ya kuogea, zamani tulikuwa tunaweka samaki wadogo humo wanakula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa kulichimbiwa bakuli la kaure ili hata maji yakiisha samaki wabaki na pa kukaa. Nani leo anamfikiria samaki wa birika?

Kitu cha mwisho ukiwa njiani, inua kichwa. Utaona vyumba vimepita juu ya kichochoro, vimeunga nyumba mbili. Hicho kinaitwa wikio. Wanawake wa nyumba za jamaa walikuwa wanapitia huko juu, wanaenda kuazima chumvi, kumtazama mzazi, kuhani msiba, bila kukanyaga njia. Mama yangu anasema kuna siku alizunguka nyumba tatu bila kuvaa viatu. Pita chini yake polepole, utasikia ubaridi ghafla, upepo wa bahari unapenya hapo.

Na milango, ndiyo, itazame, hasa ule mfaa, mti wa katikati ya mlango uliochongwa, mafundi bado wako na wanafanya kazi mlango wazi, lakini usije ukaacha nyumba nzima ukapiga picha mlango tu, kila mtu anafanya hivo. UNESCO walipouingiza mji huu kwenye urithi wa dunia 2001 hawakuingiza milango, waliingiza mji wenye watu ndani yake.

Dada, mimi si Muislamu na nitakuja na marafiki zangu wa kike. Tuvae vipi? Na picha tunaruhusiwa kupiga? Nataka kuona misikiti pia. Msomaji, Kisumu

Dada yangu karibuni sana. Hakuna atakayewaambieni mvae buibui. Magoti na mabega yafunikwe mkiwa mjini, leso moja kwenye begi itawaokoa mahali pengi, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni Shela. Misikiti mtaitazama kwa nje, isipokuwa mkialikwa na wenyewe, na saa za sala msisimame mlangoni. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa, huo ni wakati wa kupumzika na nyie.

Kuhusu picha nataka kusema kwa uzito. Kile kichochoro ni sebule ya watu. Mtu amekaa kwenye daka la nyumba yake, yuko kwake, hata kama wewe uko njiani. Mwanzo ni salamu, subalkheri asubuhi, masalkheri jioni, uitikiwe, halafu ndo uombe. Ukikataliwa sema ahsante upite. Wanawake msiwapige bila idhini hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Niliwahi kukuta sura ya binamu yangu, anatandaza nguo darini kwake, imebandikwa kwenye kadi inauzwa mji mwingine kabisa, na yeye hakuwa na habari. Alilia.

Watoto wangu wadogo wanaogopa punda na nimesikia wamejaa. Mama wawili, Thika

Wamejaa kweli, ndio malori yetu, mchanga, mawe, saruji, magodoro, vyote mgongoni kwao. Wafundishe watoto neno moja tu: sumile. Wakisikia mtu anapiga ukelele wa sumile nyuma yao, mgongo ukutani au waingie kwenye daka la karibu, punda anapita, basi. Hawang'ati ovyo. Na ile hofu ikizidi wapeleke pale ukingoni kwenye hospitali ya punda, iko tangu 1987, wanatibiwa bure, mtoto akimwona punda amefungwa bendeji mguuni anamwonea huruma na hofu inaondoka yenyewe. Imetokea kwa wanangu.

Shangazi kila siku Amu Amu, Malindi hamuioni? Sisi pia tuna mji wa kale lakini wageni wanapelekwa ufukweni tu. Msomaji, Shela ya Malindi

Una haki ya kulalamika, na kwa wasiojua, ndiyo, Malindi nayo ina mtaa unaoitwa Shela. Nilikaa kwenu miaka minne nikiwa kazini na Jumapili nilikuwa natembea, nitasema ninayoyajua.

Mtu aanzie kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, kule kwenye ncha ya mwamba, aende asubuhi kabla jua halijawa kali. Da Gama alifika Aprili 1498, Mombasa walikuwa wamemkatalia, mfalme wa Malindi akampokea na akampa mjuzi wa bahari aliyemvusha mpaka Kalikuti, Bara Hindi. Ule msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Kutoka hapo unarudi mjini polepole unapitia kakanisa ka Wareno, kadogo kabisa, paa la makuti, na makaburi kwenye ua. Francis Xavier mwenyewe alipita Malindi 1542 akielekea Goa. Halafu 1593 Wareno wakahamia Mombasa kwenye Ngome Yesu, na watawala wa Malindi nao wakawafuata, mji ukabaki mkiwa kwa muda mrefu mpaka karne ya 19 ulipofufuka.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye yale makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma. Nguzo ya mawe imesimama juu ya kaburi, ndefu, na kelele za soko na tuktuk ziko hapo hapo. Kaburi la namna hii hulikuti ila kwenye pwani yetu ya Waswahili. Mwenye siku ya pili apande matatu aende Gedi, kama kilomita 15 kusini, atembee kwenye mji mzima ulioachwa karne ya 17 ukamezwa na msitu, kasri, misikiti, visima, vyoo. Mwanaakiolojia Kirkman aliufukua kuanzia 1948 akaendelea miaka 10, na UNESCO wameutia kwenye orodha 2024 tu juzi. Kwa hivo ndugu yangu waambie wageni wako wawe na siku mbili na viatu vizuri, ufuo wataupata jioni.

Mimi ni mzee wa miaka 68, goti moja halinisikilizi vizuri. Natamani kutembea kutoka Amu mpaka Shela kama nilivofanya ujanani. Nitaweza? Babu, Tanga

Shikamoo babu. Utaweza, ila bahari ndiyo itakayopanga saa. Ni kama kilomita 3, kijana anachukua dakika 40, wewe jipe saa moja na nusu na uondoke maji yakiwa yanapwa, si yakiwa yanajaa. Muulize nahodha yeyote pale jeti maji yanajaa saa ngapi leo, hatakuficha. Epuka siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, manake maji yanapanda mpaka juu na utalazimika kupita mahali pabaya kwa goti lako. Siku za maji mafu, yasiyopanda sana, ndo zako. Tembea mchanga ukiwa bado umekaza, kaa pembeni ambapo maji yametoka punde, hapo mguu hauzami. Beba bakora, na chupa ya maji.

Ukikaribia utauona mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela kabla hujaona kijiji, mweupe, wa duara, unachongoka juu, msikiti wenyewe ni wa 1829. Watu wa Shela asili yao wanasema ni Takwa, ule mji uliohamwa kule Manda, na mpaka leo wanavuka kwenda kuzuru na kuomba mvua kwenye kaburi la huko. Kaa kwenye kivuli upumzike. Nyuma ya kijiji ni ile milima ya mchanga, usiipande babu, itazame tu, chini yake ndiko kwenye maji matamu yanayonywewa Amu nzima, ndo sababu wenyeji wanaipigania isijengwe.

Kurudi usijilazimishe kutembea. Boti zinasubiri pale mbele, utakaa upande wa kushoto wa chombo ili uangalie pwani yote uliyotembea, na ukishuka jeti ya Amu mwambie kijana akushike mkono ile ngazi ya kwanza, ina kijani na inateleza.